Matanga Yaliyochelewa

Januari 8

Mabehewa ya kiwanda cha sukari hayakuja leo pia. Miwa yetu imekatwa, imelala shambani inakauka, na muwa ukishakauka unabaki mwepesi kama fimbo ya kuchungia mbuzi. Mdogo wangu Badri karudi mchana, panga begani, uso kaukunja. Anasema watu wa nyumba ya Hariz wamejipa zamu yetu ya kupakia. Mama alikuwa anakanda mkate. Aliposikia hilo jina alifuta mikono, akatoka nje. Nikamwambia Badri, "Na wewe, mdomo wako hauna mlango?" Akaniambia, "Dada, nimesema Hariz, sijamleta hapa."

Kweli hajamleta. Hariz mzee mwenyewe ameshakufa, kitandani kwake, kwa figo. Lakini ndiye aliyempiga risasi baba yetu Gaballa njiani akitoka msikitini, kwa ugomvi wa maji ya mfereji, na mahakama ikamwachia kwa kukosa shahidi. Kijiji kizima kilimwona na hakuna aliyeona. Tangu siku hiyo hatujaweka matanga. Huku kwetu Saidi, kusini mwa Misri, nyumba inayopokea rambirambi ni nyumba iliyokwisha kulipiza au iliyokwisha kusamehe, na sisi hatujafanya hata moja. Huu mwaka wa nne Mama hajaoka vileja vya Idi, na kahawa ya mtu haigusi.

Januari 9

Upepo wa baridi. Nimeshona kanzu ya bwana harusi, si wangu. Mabehewa hakuna.

Januari 11

Wamemwita tena Badri "mwana wa Shazlia" pale kahawani. Mwanamume kuitwa kwa jina la mama yake ni kuambiwa kwamba baba yake hana mtoto wa kiume. Badri kaleta habari hiyo nyumbani kama kichekesho. "Kwani uongo? Si yeye aliyenizaa?" Tukacheka sote wawili. Lakini chakula hakukigusa. Ana miaka ishirini na miwili na mashavu bado ya kitoto.

Januari 13

Nitaandika kama nilivyoona, kwa sababu tangu mchana nasikia watu wakisimulia jambo ambalo silo.

Nilipeleka chakula na jagi la maji relini. Mabehewa yalikuwa yamefika, machache, na Hilal, mtoto wa Hariz mzee, alikuwa anapakia miwa yao kwenye behewa letu. Hilal na Badri walisoma dawati moja mpaka baba alipouawa, na baada ya hapo hawakusalimiana, basi. Hawakuwahi kupigana hata siku moja. Badri akamwambia, "Hilo ni letu, shusha." Hilal akasema, "Subiri zamu yako, mwana wa Shazlia." Wala hakusema kwa ukali. Alisema huku akitafuna muwa.

Badri aliliweka panga chini. Narudia, kwa sababu hapo ndipo penyewe: alikuwa nalo mkononi, akainama, akaliweka juu ya mzigo wa miwa, ndipo akamwendea mwenzake kwa mikono mitupu na kumsukuma kifuani. Hilal akarudi nyuma, kisigino kikanaswa na reli, akaangukia kisogo juu ya ile kulabu ya chuma inayounganisha mabehewa. Badri akacheka. Alidhani mwenzake anajifanya. Kisha akapiga magoti, akanipokonya jagi la maji, akawa anamwagia usoni. "Hilal, inuka bwana. Inuka, chukua behewa lako."

Nilikuwa peke yangu pale pamoja nao. Halafu akatokea Ami Kinawi, mdogo wa baba, akikimbia kutoka upande wa mfereji. Akamwangalia Hilal, akamwangalia Badri. Akaenda pale kwenye mzigo wa miwa, akaliokota panga, akamshikisha Badri mkononi na kuuinua ule mkono juu. "Damu ya Gaballa imelipwa," akasema kwa sauti ya kuitia watu. Wakataji wakaja mbio, na walichokikuta ni Badri, panga juu, na Hilal chini.

Hilal kafia njiani kwenda hospitali. Badri, Ami alimpeleka nyumbani kwake kwanza, akamvisha kanzu safi na kilemba cha baba, ndipo akampeleka polisi, amemshika begani njia nzima.

Mama, habari ilipomfikia, alipanda juu ya dari akapiga vigelegele. Kijiji chote kikamsikia. Sikujua kama bado anazo sauti hizo.

Januari 15

Hilal kazikwa jana. Leo Ami Kinawi kasimamisha hema mbele ya nyumba yetu, taa, viti, msomaji wa Kurani kutoka mjini. Matanga ya baba. Watu walikuja mpaka kutoka ng'ambo ya Nile. Wanaume wakampa Ami mkono mmoja mmoja, na ndani wanawake wakamkumbatia Mama, na Mama alikunywa kahawa. Alikinywa kikombe mpaka mashapo yake.

Nami nilikunywa, niseme kweli. Nilikuwa na hamu sana ya kumlilia baba yangu. Nililia mpaka macho yakavimba, na kila nilipofumba macho namwona Badri amepiga magoti na jagi.

Januari 19

Badri kamwambia mwendesha mashtaka: "Nilimuua kwa ajili ya baba yangu. Nilikuwa namngojea kwa miaka minne." Kaandikiwa, katia sahihi. Ami kaileta habari hiyo nyumbani amejaa furaha utadhani kaleta mahari.

Februari 3

Tumempata wakili, Ustadh Makram, mtu wa makamo, Mkopti, yaani Mkristo wa huku kwetu, ofisi yake juu ya duka la viatu. Tulikwenda mimi na Ami. Nikamsimulia yote, la panga na la jagi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Haya unayoniambia, bibie, yana jina lake. Kumpiga mtu akafa bila kukusudia. Miaka mitatu, saba akipata hakimu mkali. Na hayo aliyoyasema ndugu yako kwa mwendesha mashtaka nayo yana jina. Kuua kwa kukusudia na kupanga. Hiyo ni kamba ya shingoni."

Ami akacheka kidogo. "Ustadh, wewe umesoma, lakini hakimu ni Msaidi kama sisi. Anayelipa damu ya baba yake si muuaji. Hakimu akishajua sababu atamwonea huruma. Atamtupia miaka, tutaihesabu, atatoka mwanamume."

"Haji, sababu haimtoi mtu," Ustadh akasema. "Sababu ndiyo inayomwingiza. Kijana akisukuma mtu bila sababu, ni hasira ya dakika moja. Akiwa na sababu ya miaka minne, basi mahakama itasema alikuwa anapanga miaka minne. Na matanga ndiyo yanakuwa shahidi. Mtu anangoja miaka yote hiyo, halafu kesho yake marehemu akishazikwa mnasimamisha hema. Mlitaka mwendesha mashtaka aandike nini?"

"Kwa hiyo tusingemlilia ndugu yangu?"

"Mngemlilia miaka minne iliyopita."

Ami akasimama, akajitupia shali begani. Tulipofika mferejini akasema, "Ukienda kusema mbele ya watu kwamba ilikuwa bahati mbaya, Rasmiya, utakuwa umelibomoa lile hema juu ya kichwa cha mama yako. Baba yako atarudi kuwa hajalipiwa. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Nilielewa na jambo jingine, nikashangaa kwamba sikuliona zamani. Baba alipouawa Badri alikuwa na miaka kumi na minane. Mwenye deni hilo alikuwa Ami. Miaka yote hii, watu walipomcheka Badri kahawani, walikuwa wanamcheka mtoto kwa kumstahi mzee.

Februari 9

Miwa. Vumbi la miwa mpaka kwenye chai.

Februari 10

Miwa.

Februari 22

Nimekwenda mahabusu kumwona Badri. Kanenepa kidogo, nikafurahi, kisha nikachukia kwamba nimefurahi. Anasema wamempa mahali pa kulala karibu na dirisha. Wazee wa humo ndani, wauaji watupu, wanamwita mwana wa Gaballa.

Nikamwambia, "Badri, wewe uliliweka panga chini."

Akatazama pembeni. "Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Ulipiga magoti pale."

"Dada, punguza sauti."

"Ukisema kweli ni miaka saba. Utatoka hujafika thelathini."

"Nitatoka nikaitwe nani?" Akanisogelea kwenye wavu. "Nikisema nilimsukuma tu, mwenzangu akajikwaa, wataniita nani? Nimemuua Hilal, Dada. Tulikuwa tukigawana mkate shuleni. Kama sikumuua kwa ajili ya baba, basi nimemuua kwa ajili ya behewa la miwa."

Nilidhani ndugu yangu anajivuna, kumbe anatafuta mahali pa kuliweka lile jambo ili aweze kulala.

Machi 4

Ramadhani ya kwanza ambayo watu wanatuletea chakula mlangoni. Wanamwita Mama "mama wa simba". Nimemshonea kanzu ya buluu yenye maua madogo kifuani, kwa ajili ya Idi. Alipoijaribu alijitazama kwenye kioo, akasema, "Haijanibana?" Ana miaka minne hajaniuliza hivyo.

Machi 17

Tufani ya mchanga. Mabehewa yamesimama, mahakama imeahirisha.

Machi 29

Mama kaoka vileja. Samli, sukari ya unga, kila kimoja kakifinya kwa vidole vyake pambo la pembeni kama zamani. Nyumba nzima imenukia. Kajaza mkebe mmoja wa majirani na mwingine wa Badri. Tulipokwenda jela askari akavivunja kimoja kimoja kutafuta wembe, na Badri akapokea makombo. Akayala yote mbele yetu, sukari kidevuni, akasema, "Mama, mkono wako haujasahau." Mama akacheka njia nzima ya kurudi. Mimi nilitazama dirishani.

Aprili 13

Kikao cha kwanza. Badri ndani ya kizimba cha chuma, nguo nyeupe za mahabusu. Wakataji walisema walimkuta kainua panga. Daktari alisema hakuna jeraha la panga mwilini, kisogo tu. Ustadh Makram alilishika neno hilo, akalirudia mara ngapi sijui, nikaanza kupata pumzi. Kisha nikaitwa.

Nilisema yote. Ami Kinawi alikuwa mstari wa mbele, macho yake yananichoma, nikasema hivyo hivyo, pamoja na la nani aliyemshikisha Badri panga. Mwendesha mashtaka ni kijana mpole, ananiita "sitti", yaani bibi.

"Sitti Rasmiya, nyumba yenu haikupokea rambirambi ya marehemu baba yenu?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Ustadh alipinga. Hakimu akasema nijibu.

"Ndiyo desturi."

"Desturi ya nini?"

Hakimu mwenyewe, mzee wa Kisaidi, lafudhi yake ya kwetu kabisa, akasema taratibu, "Binti yangu, sisi sote hapa tunaijua. Niambie tu, mlianza kupokea lini?"

"Siku iliyofuata, baada ya Hilal kuzikwa."

Ndivyo ilivyo, na ndivyo nilivyoapa kusema. Nilimwona karani akiinamisha kichwa na kuandika. Ami alisema hakimu ni Msaidi kama sisi, ataelewa. Ameelewa kuliko alivyotaka Ami.

Aprili 14

Tangu jana hatuzungumzi humu ndani. Mama hakwenda mahakamani, lakini aliambiwa na watu. Adhuhuri kaja kusimama mbele ya cherehani yangu.

"Umemtia mwanangu aibu mbele ya mahakama."

"Nimesema nilichokiona, Mama."

"Umeona nini? Kinawi kaniambia alimrukia kama chui."

"Ami hakuwepo. Alikuja baadaye."

Nikamsimulia. Sikuwahi kumsimulia. Tangu siku ile alipoteremka kutoka darini macho yanang'aa sikuwa na moyo wa kumsimulia, na kila siku nilijiambia kesho. Alisikiliza amesimama, mkono juu ya gurudumu la cherehani.

"Aliliweka panga chini?"

"Aliliweka, Mama."

"Mwenyewe? Hakulidondosha?"

"Aliinama akaliweka."

Akakaa sakafuni pale pale penye vipande vya nguo. Akasema, "Alikuwa hawezi hata kuchinja kuku. Nilikuwa namchinjia mimi."

Aprili 20

Mama kakwenda jela peke yake. Karudi hakuvua hata viatu. "Kaniambia nisimwaibishe," akasema. "Mwanangu ananiomba nisimwaibishe."

Aprili 26

Watu wamepunguza kuja. Ami Kinawi haingii, anatuma salamu.

Mei 4

Kikao cha pili. Joto, mapanka yanazunguka tu bila kutusaidia. Mama alivaa ile kanzu ya buluu. Alisema hakimu amwone kama mtu asiye na kisasi.

Ustadh Makram alisema vizuri, lazima nimpe haki yake. Kwamba mtu aliyepanga kuua haweki silaha chini. Kwamba anayengoja miaka minne hangoji mchana kweupe relini mbele ya dada yake. Kwamba chuki ya nyumba si kusudio la mkono. Mwendesha mashtaka akajibu kwa maneno machache: mshtakiwa kakiri, sababu inajulikana, nyumba ilisherehekea.

Mama akasimama bila kuitwa. "Bwana hakimu, mwanangu hakukusudia."

Askari akamwendea, hakimu akamzuia kwa mkono. "Wewe ndiye mama yake?"

"Ndimi."

"Siku ile ulipanda juu ya dari ukapiga vigelegele. Kama hakukusudia, ulikuwa unashangilia nini?"

Mama akafungua mdomo. Nilimshika kiwiko. Alikuwa anatafuta kwa nguvu zake zote, kama anayepapasa ufunguo gizani, na ukumbi wote ukamngoja. Alikuwa ameshangilia kitu ambacho hakikuwapo, na hayo angeyasemaje mbele ya mama yake Hilal aliyekaa upande wa pili na shela nyeusi, anamtazama?

Badri akapiga vyuma vya kizimba. "Bwana hakimu, mama yangu ana hofu tu, msimsikilize. Nilikusudia. Mimi ni mwana wa Gaballa na nilikusudia." Nyuma kuna wanaume wa kwetu waliosema Allahu Akbar. Ami Kinawi alikuwa miongoni mwao.

Hakimu akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akasema faili lipelekwe kwa Mufti.

Kwa asiyejua: Mufti hupelekewa faili la mtu anayekwenda kunyongwa, na jibu lake huwa lile lile.

Mei 5

Sijaweza.

Mei 11

Ustadh anasema kuna rufaa. Nikamuuliza, "Rufaa itasikiliza nini kipya?" Akanitazama, ni mtu mwema, akaniagizia chai.

Mei 19

Miwa ya mwisho imepakiwa. Wanachoma majani makavu mashambani, moshi umefunika kijiji. Wanaume bado wanamtaja Badri kahawani, lakini kwa sauti ya chini, na wanamtaja kama mtu aliyekwisha kufa zamani. Nilipita, nikawasikia wakimwita mwana wa Gaballa. Basi kalipata jina.

Juni 2

Jibu la Mufti limerudi. Hakimu kasoma hukumu mwenyewe. Badri alisimama wima mpaka neno la mwisho, kisha alinitafuta kwa macho, na midomo yake ikasema kitu. Nadhani alisema "jagi". Labda ninajitia tu kusikia.

Tulipofika nyumbani tulimkuta Ami Kinawi uani na sinia la kahawa, na nyuma yake watu, na vijana wanashusha nguzo za hema kutoka kwenye gari la punda.

"Shemeji," akasema, "Mungu akupe subira. Hukumu hii ni msiba tosha, watu wamekuja kukupa mkono."

Mama akapita, akasimama kizingitini. "Waambie warudi."

"Utawarudishaje watu? Mtoto hajauawa na mtu. Kahukumiwa na serikali. Serikali hailipizwi kisasi, Shazlia."

"Sikutaja serikali," Mama akasema.

Alimtazama. Hakupaza sauti, hakumnyooshea kidole, alimtazama tu mpaka vikombe vikaanza kugongana kwenye sinia. Kila mtu pale uani anaijua maana ya nyumba isiyopokea rambirambi. Wakaanza kuondoka bila kuaga, na vijana wakazirudisha nguzo garini. Ami alibaki peke yake na kahawa yake inapoa. Na nikawaza, ikiwa damu ya Badri ina mtu wa kuilipiza, ni mwanamume wa karibu zaidi naye aliyebaki hai. Nikawatafuta wote wa ukoo wetu kichwani, na kila nilipoanzia nilifika kwa Ami Kinawi, yule yule ambaye Mama anamdai.

Mama kafunga mlango. Kavaa nguo zake nyeusi, kaniletea ile kanzu ya buluu, imekunjwa vizuri. "Ipunguze kiunoni," akasema, "itakutosha wewe."

Nikamwambia mimi pia sitaivaa.